Alhamisi Iliyoanza Jioni

Mbotela, Nairobi
Ijumaa, ile Ijumaa ya watu wote

Kwako Dada Nabalayo,

Nakusalimu kwa jina la Bwana, wewe na shemeji na watoto, pamoja na mjomba wetu, khocha Wekulo, ikiwa bado yuko hapo Misikhu akiuguza goti lake. Natumaini mu wazima, na kwamba mvua imenyesha na mahindi yameshika. Sisi huku hatujambo. Millicent wangu anakusalimu, watoto wanakula na kusoma. Mimi mwenyewe ni mzima wa mwili, ila nina hasira, Dada. Hasira ya kulala nayo na kuamka nayo. Nimeona heri niseme mapema, usije ukafika katikati ya barua ukajiuliza huyu anamfokea nani.

Naandika kwa mkono kama watu wa zamani kwa sababu umenifungia simu. Kwenye grupu la familia nimetolewa, sijui na nani, na sitaki kujua. Nikimpigia shemeji anakohoa tu na kusema atakufikishia. Basi nimeketi hapa mezani na karatasi nilizochana kwenye daftari la mtoto, na nimemwomba binamu yetu Shiundu, ambaye kesho anapitia huko na lori lake, akupe barua hii mkononi. Nakuomba usiichane. Isome ukiwa umekasirika, isome ukichambua mboga, lakini ifikishe mwisho.

Uliyosema siku ya mazishi ya mama yetu niliyasikia yote. Ulisema mbele ya waombolezaji kwamba Mayi alikuwa na watoto wawili, mmoja alimzaa na mwingine aliajiriwa. Ulisema kiti changu mlikiweka kando ya jeneza, kikakaa kitupu kutoka asubuhi mpaka jua likazama, na khocha Wekulo ndiye aliyetupa udongo mahali pangu, mzee wa watu akishikwa mkono asitumbukie. Ukamaliza kwa kusema kwamba mtu aliyeshindwa kumtupia mama yake hata konzi moja ya udongo asikanyage tena boma lile. Yaliniuma sana. Usidhani huku Nairobi tumeota magamba. Siku nilipoyasikia nilimfokea Millicent mpaka akaniuliza kama ni yeye aliyeyasema. Lakini sikuandika ili nikujibu. Nimeandika kwa sababu nataka konzi yangu ya udongo. Nataka nisimame pale kaburini kwa Mayi niitupe kama mwana yeyote aliyezaliwa na mwanamke. Shamba kaeni nalo, ng'ombe kaeni nao. Udongo tu.

Na ili unipe ruhusa hiyo au uninyime ukijua unachoninyima, lazima nikueleze ile habari ya saa ya kiwandani, ambayo nyinyi huko mliisikia juujuu mkaicheka.

Unajua nimekuwa nikifanya kazi hapa Indastri, kwenye kiwanda cha vyombo vya plastiki. Tunatoa mabeseni, ndoo na viti. Mimi ni fundi wa mashine, mwaka wa kumi na moja huu. Zile mashine huyeyusha plastiki, na zikisimama kidogo tu plastiki inaganda tumboni mwake, na kuzipasha moto tena ni kazi ya kukutoa jasho na sala. Kila tulipobadilishana zamu zilisimama. Kila ziliposimama, Meneja wetu, Bwana Muthama, alitembea huku na huku ameshika kichwa utadhani amefiwa.

Sasa, mle ndani kulikuwa na mtu mmoja aliyejiona mwerevu kuliko Muumba. Jina lake nitakupa baadaye, maana nikilitaja sasa nitapasua karatasi kwa kalamu. Mtu huyo alimwendea Meneja na kipande cha boksi alichokichora kwa kalamu ya bluu. Akamwambia kwamba wiki ina saa mia moja sitini na nane. Ukizigawa kwa siku saba unapata saa ishirini na nne, ndivyo tulivyozoea. Lakini ukizigawa kwa siku sita unapata ishirini na nane kamili, haibaki hata dakika. Basi kiwanda kijitengenezee siku yake. Siku ya saa ishirini na nane, zamu mbili za saa kumi na nne, siku tano za kazi na ya sita ya kupumzika. Mashine zitasimama mara chache, na wafanyakazi wa Kayole na Dandora watapanda gari mara tano badala ya sita. Meneja alifurahi mpaka akawaagizia watu soda.

Kalenda mpya ikachapishwa, ikabandikwa kila ukuta mpaka chooni. Siku saba zikawa sita. Jina lililofutwa ni Jumapili, maana mashine haina kanisa. Jumatatu ya kiwanda ilianza pamoja na ya watu, saa kumi na mbili asubuhi. Lakini kwa kuwa ilikuwa ndefu, Jumanne yetu ilianza saa nne asubuhi. Jumatano ikaanza saa nane mchana. Alhamisi ikaanza saa kumi na mbili jioni, wakati Alhamisi ya watu wa Mungu inakunja mkeka wake iende. Shika hapo, Dada. Alhamisi ya kiwanda ilianza jioni. Usiisahau, tutairudia.

Saa yenyewe ilitundikwa juu ya mlango wa ghala, kubwa kama sinia la arusi, ina tarakimu ishirini na nane. Ubao wake ulichongwa na jirani yetu Maingi, yule Mkamba mchonga twiga ambaye Mayi alimpenda kwa sababu alimpa mwiko wa kusongea ugali alipokuja kututembelea. Maingi alizichonga zile tarakimu kwa kuwa aliombwa. Ila alipofika kumi na tisa aliweka patasi chini, akauliza saa zote hizi zinamhesabia nani. Kisha akachukua patasi akaendelea.

Walioumia kwanza ni watu wa kibarua. Kibarua hulipwa kwa siku, siyo kwa saa. Siku ilirefuka, malipo yakabaki pale pale, na kwa wiki zikawa siku tano badala ya sita. Kavindu, mama mmoja anayepanga mabeseni, alimfuata Meneja akamwuliza ile siku ya saba wameipeleka wapi. Alisema siku haifutiki kama chaki ubaoni, ukiiondoa mahali itamwangukia mtu mahali pengine. Meneja akacheka. Na sisi mafundi tukacheka, Mungu anisamehe kile kicheko, maana sisi tulilipwa kwa mwezi na haikutuwasha.

Hapa nyumbani nako ikawa vituko. Naamka nadai chai, watoto wamepiga magoti wanasali walale. Siku nyingine saa moja asubuhi nataka ugali na sukuma, Millicent ananiangalia kama aliyerogwa. Akaniambia wazi kwamba nyumba hii ina jua lake na jiko lake, na mwenye jua lingine akapikiwe huko linakochomoza. Vijana wa getini, kwa kuwa kila siku walinikuta natoka saa tofauti, waliacha kunisalimia niaje wakawa wananiita Buda Saa Mbovu, yaani mzee wa saa mbovu. Mama mmoja wa ploti ya pili akaeneza habari kwamba huyu Mbukusu lazima ni wale wachawi wa kukimbia uchi usiku, watu wafunge madirisha. Kanisani ndiyo usiseme. Siku yetu ya kupumzika iliangukia Jumapili yenu, lakini kiwandani iliitwa Jumamosi, basi siku moja nikamwambia mchungaji kwamba tutaonana Jumamosi ijayo. Akanivuta kando akaniuliza kwa upole kama nimehamia kwa Wasabato.

Cheka, mimi pia nilicheka. Lakini mwili haukucheka. Kuna siku nilisimama kando ya Jogoo Road, jua liko utosini, nikashindwa kukumbuka kama naenda kazini au natoka. Nilisimama pale mpaka mwuza karanga akaniuliza kama nimepoteza kitu. Nikamwambia hapana.

Na bado watu waliletwa kuja kupiga picha ile saa! Wakubwa kutoka ofisi nyingine, wamevaa kofia za plastiki, wanaiangalia kama twiga wa mbugani. Meneja anajigamba kwamba kiwanda chetu kimelishinda jua. Kulishinda jua! Dada, nikikumbuka maneno hayo meno yananiuma. Mtu asiyeweza kuzuia hata choo cha kiwanda kisifurike, anasema amelishinda jua.

Haya. Yule mtu mwerevu niliyesema nitakutajia.

Ni mimi. Ni Mulongo, ndugu yako. Hakuna mzungu aliyetuletea, hakuna Mhindi, hakuna Mchina. Lile boksi nilichora mimi, hapa hapa kwenye meza hii ninayoandikia. Gia za ile saa nilizikata mimi, kwa mikono ile ile iliyoifungua saa ya mezani ya baba nikiwa darasa la nne, ikabaki na skrubu mbili za ziada na haikulia tena mpaka leo. Ile soda Meneja aliyoagiza, ya kwanza nilipewa mimi. Nilipewa na cheti, kina fremu. Na nilikuwa na furaha, Dada. Hilo ndilo linalonichoma. Sikulazimishwa na mtu, nilikuwa na furaha.

Nilimpigia Mayi simu siku hiyo hiyo kumwambia kwamba mwanawe ametengeneza siku kubwa kuliko ya Mungu. Alicheka mpaka akakohoa. Kisha akaniuliza swali moja tu, kwamba ng'ombe wataambiwa na nani wazuie maziwa saa nne za ziada. Nikamwambia haya ni mambo ya kiwanda, ng'ombe hawamo. Akasema sawa mwanangu, akabadilisha mazungumzo, akaniomba akala za Kariokor, zile za tairi, kwa sababu viatu vyake vya mpira vilikuwa vinambana kidole. Nikamwahidi wiki ijayo. Wiki ijayo ikawa mwezi. Nilimwahidi tena na tena, na kila mara niliamini bado ni wiki ile ile, kwa jinsi siku zilivyokuwa zimenivurugika kichwani.

Mayi alipotuacha, ulinipigia ukiwa huna sauti, ukasema mazishi ni Alhamisi alasiri. Millicent na watoto walitangulia Jumanne na Shiundu ili wasaidie kupika. Mimi nikabaki. Halafu sikufika, na kesho yake niliwaandikia kwamba Meneja alininyima ruhusa dakika ya mwisho, akanirudisha nikiwa njiani. Mlimlaani Meneja. Nasikia hata khocha Wekulo alimwombea vidole vyake vikauke. Millicent nilimwambia hivyo hivyo, na mpaka jana usiku alikuwa akiamini.

Ule ulikuwa uongo. Bwana Muthama ana makosa yake mengi na nimeyataja, lakini ruhusa alinipa. Alinipa bila hata kuuliza, akanishika bega, akaandika kwa mkono wake kwamba fundi Mulongo apewe likizo baada ya zamu ya Jumatano. Ni mimi niliyempaka matope miezi miwili yote hii, na sasa nayafuta.

Sikiliza basi ilivyokuwa. Zamu yangu ya Jumatano ilianza saa nane mchana ikaisha saa kumi alfajiri. Kwenu huko ilikuwa tayari alfajiri ya Alhamisi, mnachemsha maji, mnafunga hema. Kwangu mimi ilikuwa bado Jumatano, wakati wa kwenda kulala. Nikarudi Mbotela, nikazima simu kama tulivyozoeshwa, nikalala. Nilipanga niamke Alhamisi yangu ikianza, nipande basi, nifike mapema. Tena nilijisifu moyoni kwamba Alhamisi ninayo ndefu, ya saa ishirini na nane, mtu mwenye Alhamisi ndefu hivyo atachelewaje. Utasema mtu mzima hawezi kupotea namna hiyo. Hata mimi ningesema. Lakini miezi minne nilikuwa nimeishi ndani ya ile kalenda, nikila kwayo, nikilala kwayo, na nyumba ilikuwa tupu, hakuna mtoto aliyevaa sare ya shule wala redio ya Millicent ya kunirudisha duniani.

Ungekuwa ni usahaulifu peke yake, Dada, ningelia nikanyamaza. Lakini haukuwa usahaulifu peke yake. Saa moja asubuhi Maingi alinibishia mlango. Millicent alikuwa amempigia kutoka huko, akiwa na wasiwasi kwamba simu yangu haipatikani. Maingi akasema kupitia dirishani kwamba niamke, watu wa nyumbani wanauliza nimefika wapi, leo ndiyo Alhamisi. Nilimsikia. Nilimsikia vizuri kabisa. Nikamfokea nikiwa nimejifunika blanketi, nikamwambia Alhamisi bado haijafika, mimi ndiye niliyetengeneza saa, na mchonga twiga hawezi kunifundisha siku. Akabisha tena, pole pole, mara moja tu. Kisha nikasikia viatu vyake vikienda.

Saa moja asubuhi. Ningetoka vile nilivyo, na suruali ya kazi, ningewakuta. Mlinisubiri mpaka jua likazama. Nimeipiga hesabu hiyo mara elfu na mimi ni mtu wa hesabu. Ningewakuta.

Maingi alinisitiri, akamwambia Millicent kwamba mlango umefungwa na hakuitika mtu. Mpaka leo hajawahi kunitajia asubuhi ile. Ananisalimia kama kawaida, ananiuliza habari za watoto. Wewe unitukane, Dada, lakini tusi lako halijanichoma kama ile salamu ya Maingi.

Niliamka jioni nikakuta umenipigia mara thelathini na moja. Hata hapo sikushtuka! Nilikasirika kwamba mnaniharakisha. Nikakuandikia kwamba niko njiani, nikazima simu tena nisimalize chaji. Sasa najua kwamba ujumbe ule ulikufikia mkitoka kaburini, na kwamba uliuonyesha watu. Ungeuonyesha hata serikali, ungekuwa na haki.

Na sasa jambo ambalo hakuna mtu analijua, hata Millicent nimemwambia jana tu. Nilifika. Nabalayo, mimi nilifika pale nyumbani. Ijumaa, saa moja asubuhi, nimevaa koti jeusi, nina akala za Mayi kwenye mfuko wa karatasi. Nilikuwa nimezinunua hatimaye, wiki ile aliyotuacha, nikasema hata kama hatazivaa ziwekwe miguuni pake ndani ya jeneza. Nilitembea kutoka barabara kuu nikishangaa mbona kimya, mbona hakuna nyimbo wala magari. Langoni nikakuta hema limekunjwa, viti vimepandanishwa kando ya njia, na watu wawili wa kukodisha viti kutoka Webuye wanavipakia kwenye pikapu. Nikamwuliza dereva mazishi yanaanza saa ngapi. Akaniambia mazishi ya nani tena, mama alizikwa jana, tena kwa shida, wakimsubiri kijana wake mmoja wa Nairobi mpaka giza likataka kuingia. Akasema mtoto kama huyo ni wa kulaaniwa. Halafu akaniangalia, akaniuliza kama mimi ndiye kibarua aliyetumwa kuwasaidia kupakia.

Nikasema ndiyo.

Nilivua koti nikaliweka begani, nikapakia viti vya mazishi ya mama yangu. Vilikuwa mia moja na ishirini. Nilipogeuza kimoja nikaona chapa ya kiwanda chetu chini yake. Kati ya vile kimoja kilikuwa changu, kile cha kando ya jeneza, na sikujua ni kipi, basi nikavibeba vyote polepole. Kaburi nililiona kwa mbali, udongo mbichi na maua ya karatasi. Na wewe nilikuona mgongo. Ulikuwa umeinama kwenye jiko la nje unakwangua sufuria kubwa, una kitambaa cha bluu kichwani, unaimba kwa sauti ya chini wimbo ule wa Mayi wa kuchambulia maharagwe. Hatua thelathini, pengine. Nilitaka kukuita. Badala yake, Dada, nilinyanyua kiti cha mwisho, na dereva akaniambia nipande twende.

Nilipanda. Njiani walifungua ile nyama na chapati ulizowafungia watu wa viti kwenye karatasi, wakanikatia fungu langu. Nikala. Chumvi ilikuwa imezidi, kama kawaida yako. Nililia, wakafikiri ni vumbi.

Zile akala mlizozikuta zimening'inizwa kwenye nguzo ya lango, ambazo Millicent alisimulia kwamba mlidhani ni za mtu wa hema na watoto wakawa wakizichezea, ni za Mayi. Tafadhali zitoe kwa watoto. Uziweke ndani.

Wiki iliyopita nilipanda ngazi pale kiwandani, mchana kweupe watu wakiniangalia, nikaishusha ile saa, nikamwambia Meneja arudishe siku ya watu. Nilimfokea mbele ya kila mtu, na Kavindu akapiga kigelegele. Dada, unajua Meneja alifanya nini? Aliniangalia kwa huruma, akasema pole na msiba, kisha akatuma mtu akanunue rangi. Kabla ya zamu kuisha walikuwa wamechora saa nyingine ukutani, tarakimu ishirini na nane, imepinda kidogo. Haihitaji tena fundi. Kavindu bado anapanga mabeseni kwa siku tano ndefu, na sasa kiwanda cha jirani nacho kimeomba ile kalenda. Nimeacha kazi. Ubao wa saa nilimrudishia Maingi, anapigia msasa vijiko vyake juu yake. Nilimwomba msamaha. Akaniambia alijua nimesikia ule mlango.

Basi nimemaliza. Sina la kujitetea na sitaki unitetee kwa watu. Nilikuwa nimekasirikia kiwanda, nikamkasirikia Meneja, nikakukasirikia wewe na kile kinywa chako, na kila nikifika mwisho wa hasira namkuta mtu yule yule amelala, amejifunika blanketi, anafoka kwamba anajua siku. Huyo ndiye ninayemwombea nafasi ya kumtupia Mayi udongo.

Sitangoja jibu la barua, wala sitakupangia tarehe, maana kwa tarehe sijiamini tena. Nakuja pamoja na barua hii, kwenye lori la Shiundu. Atakapokuwa anakukabidhi bahasha, mimi nitakuwa nimekaa hapo kwenye kituo cha Misikhu, karibu na wauza ndizi. Langoni sitafika mpaka uniite. Ukiniita, nitakuja kwa miguu. Ukikataa, mrudishie Shiundu bahasha tupu, nami nitaelewa, nitageuka na lori.

Nisalimie khocha Wekulo, mwambie vidole vya Meneja aviombee vipone, hakuwa na hatia kwa hilo. Nisalimie shemeji na kikohozi chake. Wabusu watoto. Millicent anasema bado anakudai ile mbegu ya mboga ya saga, nami nimemwambia siyo wakati wake, lakini amesisitiza niiandike.

Ni mimi ndugu yako uliyenibeba mgongoni,
Mulongo

Nyongeza: Naongeza haya tukiwa tumefika Misikhu, kalamu ni ya Shiundu. Leo ni Jumamosi. Nimemwuliza Shiundu akasema Jumamosi, nikamwuliza na mama wa ndizi, naye akasema Jumamosi. Nimewaamini.